Datsun 160J uani Nairobi: kila kitu kwa asilimia 80

Chomeka kipimo cha vakiumu, yaani mvuto wa hewa, kwenye manifoldi ya Datsun 160J isiyo na kasoro yoyote, injini ikiwa moto na inazunguka bila gia, na hapa Nairobi mshale utasimama kwenye inchi 13 hivi. Kitabu cha gari kinataka 18 au 19. Fundi mwenye haraka atasema ringi zimekwisha, na kufikia Ijumaa injini iko juu ya meza, imefunguliwa bure.

Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa, na injini ya kabureta isiyo na tabo huvuta kile tu ambacho hewa inasukuma ndani. Kipimo cha kompresheni nacho hudanganya vivyo hivyo. L16, injini ya lita 1.6 ya gari hili, ikiwa nzima husoma takriban pauni 170 usawa wa bahari. Hapa ukiona 135 hadi 140 pokea na ushukuru. Kinachohukumu injini ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda dhaifu, kisha pima tena. Usomaji ukipanda, ni ringi. Usipopanda, ni vali au gaskiti ya hedi. Pima injini ikiwa moto, plagi zote nne zimetolewa, waya wa koili umechomolewa, na mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho. Wengi husahau hilo la mwisho, kabureta inabaki imefungwa, na kipimo kinaonyesha injini mfu.

Hesabu ya asilimia 80 itarudi karibu kwenye kila hatua ya kazi hii ya kufufua gari. Nafasi za vali, toki za bolti na uwazi wa beringi ni zilezile popote duniani. Lakini chochote kinachohusu hewa, mvuke au vakiumu, usikiamini kitabu mpaka ukipigie hesabu upya.

Kwa nini 160J? Marekani mtu akitaka gari la kale lenye misuli huanza na V8 kubwa ndani ya bodi ya kawaida. Kwetu, magari yaliyopita umri wa miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa nchini kama mitumba mingine, kwa hiyo gari la kufufua ni lile lililozeekea hapahapa, lenye namba isiyo na herufi ya mwisho. Na katika hayo, 160J ya umbo la A10 ndiyo gari la familia lililofanya kazi ya misuli: Shekhar Mehta alishinda nalo Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Magari ya rali yalibeba injini ya lita 2, si ile ya 1.6 ya dukani. Tutaona huko mbele kwa nini lita 2 ina maana ya pekee katika jiji hili.

Kabla ya spana, karatasi. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, uilinganishe na logbook na rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, herufi kwa herufi. Kwangua rangi kidogo kandokando ya namba: ukikuta mshono wa welding umezunguka kipande kile, ondoka. Gari lisilo na logbook ni vyuma chakavu, hata likiwa na viti vya asili na kioo kisicho na ufa. Ukija kubadilisha injini au rangi, mabadiliko hayo yanaandikwa NTSA na bima inaambiwa, kwa hiyo tunza risiti ya injini uliyonunua tangu siku ya kwanza.

Mahali pa kufanyia kazi ni suala zito kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia South B, Embakasi hadi Syokimau, ardhi nyingi ni udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Stendi ya chuma iliyosimama imara mwezi wa Februari huzama upande mmoja mvua ya Aprili ikinyesha, na gari linainama juu ya mtu aliyelala chini yake. Mimina zege, na kama huwezi, laza mbao ngumu za unene wa milimita 50, juu yake bamba la chuma, kisha stendi nne. Jeki ni ya kuinulia tu. Matofali ya kuchonga hayafai hata kwa dakika moja. Hupasuka bila kutoa onyo. Kwa kuinua injini, usifunge cheni bloku kwenye mti wa parachichi wala kwenye mbao za paa. L16 na giaboksi yake ni mzigo wa zaidi ya kilo 150. Kodi kreni ndogo ya magurudumu kwa siku moja.

Kufungua gari ni kazi ya kuandika kuliko ya kufungua. Kila bolti irudi kwenye tundu lake ikiwa inawezekana, au iingie kwenye mfuko wa plastiki wenye jina, na mifuko ya sehemu moja ikae kwenye mkebe mmoja. Mikebe ya Kimbo ya kilo mbili inatosha kabisa. Piga picha kabla ya kuchomoa waya, si baada. Bolti zilizokwama zipake mchanganyiko wa ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) na thina, nusu kwa nusu, uutikise kila mara maana hutengana, ziachwe usiku mzima. Kichwa kikikatika kwenye hedi ya alumini usikimbilie drili: chomelea nati juu ya kisiki, ukizungushe kikiwa bado kina joto.

Sasa bodi. Ng'oa mazulia yote na raba za sakafu, kisha gonga kila sehemu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Bati lenye filla au kutu hunyamaza. Mahali pa kutazama kwanza ni chini ya betri, sakafu ya dereva miguuni, mabati ya chini ya milango, sehemu ya nyuma ya madigadi ya mbele ambapo matope hujikusanya, kona za chini za kioo cha mbele, na shimo la spea tairi ndani ya buti. Gari lililoishi Nairobi maisha yake yote huwa na kutu ya wastani. Lililotoka Pwani lina kutu inayoanzia ndani kwenda nje, na unayoiona ni theluthi tu ya iliyopo.

Kosa linaloharibu magari mengi ni kukata sakafu na bati la chini ya mlango kwa wakati mmoja bila kushikiza bodi. Gari hili halina chesisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo mfupa. Kabla ya kukata, funga milango, pima nafasi kati ya mlango na bodi sehemu nne kila upande, ziandike ukutani. Kisha toa mlango, chomelea bomba la mraba la milimita 25 kukatiza tundu lake kutoka bawaba hadi kufuli, na lingine la mshazari. Tengeneza upande mmoja hadi mwisho ndipo uende wa pili. Ukipuuza, mlango utakataa kufunga, na hakuna panel bita wa Kariobangi Light Industries atakayeurudisha bila kukata tena.

Bati la sakafu liwe geji 20, yaani milimita 0.9, kwenye viti vya jeki na mikanda tumia geji 18, milimita 1.2. Welding ya fimbo, ile ya mageti, hutoboa bati hili. Tafuta mashine ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Usivute mshono mrefu. Piga nukta, ruka sentimita 5, piga nyingine, rudi ujaze katikati baada ya bati kupoa kiasi cha kuguswa kwa mkono. Mshono mrefu hupasha bati, linavimba kama ngozi ya ngoma, na utatumia kilo za filla kuficha ujinga wa dakika mbili. Tangi la petroli liwe limetolewa na liko mbali, betri na alternata zimechomolewa, na mtu wa pili amesimama upande wa pili wa bati na kitambaa kilicholowa na kizima moto. Moto huanzia ndani ya zulia ambalo mtu alisahau.

Ndani ya mabati yaliyofungwa, nyunyiza nta ya kuzuia kutu baada ya rangi kukauka, na hakikisha matundu ya chini ya kutoa maji yako wazi. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo wengi hupaka, hulainisha raba na kuzuia praima kushika siku ukitaka kurekebisha. Ni dawa ya pikapu ya shambani.

Breki huja kabla ya nguvu, na hapa asilimia 80 inauma. Servo, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, hufanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na vakiumu ya manifoldi. Nairobi hewa ya nje imepungua, lakini injini bado inahitaji kiasi kilekile cha hewa ili izunguke bila gia, kwa hiyo hasara yote inaangukia kwenye tofauti ile: inchi 19 zinakuwa 13. Servo hupoteza zaidi ya robo ya msaada wake, na dereva anahisi pedali ngumu. Wengi hubadilisha servo nzima bure. Jaribu hivi: zima injini, kanyaga breki mara tano hadi pedali iwe ngumu, iache ikiwa imekanyagwa, washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, servo ni nzima. Ikibaki palepale, angalia kwanza vali ya njia moja kwenye hosi ya vakiumu na hosi yenyewe. Hosi ya zamani hulainika kwa joto na kujifunga inapovutwa.

Mabomba ya breki usikubali yatengenezwe kwa mrija wa shaba wa friji. Hupindwa kwa urahisi, ndiyo sababu mafundi huupenda, lakini shaba tupu hukakamaa kwa mtetemo na kupasuka kwenye shingo ya nati. Nunua bomba la chuma au la shaba na nikeli la inchi 3/16, ukingo wake upindwe mara mbili. Raba za masta silinda na za silinda za magurudumu zibadilishwe zote hata kama hazivuji. Pasi ukucha ndani ya silinda: ukinasa kwenye shimo la kutu, silinda hiyo haifai, raba mpya itachanika baada ya wiki chache. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa. Ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, na ikishanyonya maji kiwango hushuka hadi 155. Chupa iliyokaa wazi dukani tangu Krismasi tayari imekunywa unyevu. Wakati wa kutoa hewa anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta: kwa gari letu la usukani wa kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Lita moja inatosha kusafisha mfumo wote.

Upande wa kupoza injini, tabia moja imeharibu L16 nyingi Kenya kuliko kutu: kutoa themostati. Gari lilichemka siku moja, fundi akaing'oa, halikuchemka tena, basi ikawa sheria. Bila themostati injini hutembea baridi asubuhi yote, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika, na mfuniko wa vali unajaa uji wa rangi ya kahawa ya maziwa. Rudisha ya nyuzi 82. Kisha shughulikia sababu halisi, ambayo mara nyingi ni mfuniko wa rejeta. Maji ya wazi Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94. Mfuniko mzima wa pauni 13 huipandisha hadi 115 hivi, hata kabla hujaweka kulanti. Mfuniko uliochoka hukuacha na zile 94, na foleni ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni inazifikia bila shida. Usawa wa bahari ungekuwa na nyuzi 6 zaidi za kupumulia, hapa huna.

Rejeta ya zamani ipelekwe ifunguliwe juu na chini, isafishwe kwa ubapa kila njia, au iwekewe kiini kipya cha safu tatu. Kuiosha kwa asidi bila kuifungua hufungua uvujaji uliokuwa umezibwa na uchafu. Kulanti iwe nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Maji ya bomba au ya kisima hula hedi ya alumini, na utauona ugonjwa huo kwenye mdomo wa hosi ya juu, umechimbika kama jino bovu.

Tumefika kwenye injini. L16 ina sentimita za ujazo 1,595, silinda za milimita 83. L20B, iliyowekwa kwenye Datsun 200B, ina 1,952, silinda za milimita 85. Zidisha 1,952 kwa 0.8: unapata 1,560 na ushee. Yaani L20B hapa Nairobi huvuta hewa karibu sawa na ile L16 ilivutayo Mombasa. Anayetarajia roketi atavunjika moyo. Utakachopata ni gari lile mhandisi wa Datsun alilikusudia, bila kodi ya mwinuko, na mvuto wa chini unaofanya mlima wa Limuru uwe wa gia ya nne badala ya ya tatu. Kwa A10 kazi hii si ya kubahatisha. Soko la Marekani liliuziwa bodi hii na L20B kutoka kiwandani.

Herufi za aina ya injini zimetupwa ubavuni mwa bloku. Zisome mwenyewe, maana kibandiko cha muuzaji si ushahidi. L20B imezidi kimo kwa milimita 20 hivi, kwa hiyo manifoldi inapanda, na bomba la moshi lazima likatwe na kupangwa upya. Usilivute kwa bolti, litapasua flanji. Giaboksi ya L16 inaingia, lakini klachi ya L20B ni ya milimita 225 na ya L16 ni 200. Chukua injini pamoja na flaiwili, sahani ya klachi na ile kola inayobeba beringi. Kola zina vimo tofauti. Ukichanganya, klachi ama haitaachia au haitashika, na giaboksi itashuka tena Jumapili nzima. Gaskiti ya hedi ya L16 usiiweke kwenye bloku ya 85: ukingo wake unachomoza ndani ya silinda, unawaka mwekundu na kuungua.

Ukiamua kubaki na L16, ambayo ni uamuzi wa heshima, peleka bloku kwa mashine ukiwa tayari umenunua pistoni. Mwenye mashine anatoboa kufuata pistoni iliyo mkononi, si namba iliyo kwenye boksi. Uwazi kati ya pistoni na ukuta uwe milimita 0.025 hadi 0.045.

Hedi ya injini hizi za L ina mtego mmoja unaojulikana na bado hunasa watu kila mwezi. Ukitoa gia ya kamshafti bila kushikilia cheni, cheni inalegea, kitensheni kinachoikaza huko chini kinaruka nje, na huwezi kukirudisha bila kufungua kava ya mbele yote. Chonga kabari ya mbao ngumu, sentimita 25 hivi, nyembamba chini, ifunge kamba juu, ishindilie katikati ya pande mbili za cheni kabla hujagusa bolti ya gia. Kamba ni ya kuivutia kabari itoke. Bila kamba huzama, ukabaki unaichungulia kwa tochi.

Bolti za hedi zikazwe kwa hatua tatu, Nm 40, 60, kisha 80, ukianzia katikati kwenda nje, nyuzi zikiwa zimepakwa oili kidogo. Nafasi za vali injini ikiwa baridi: ya kuingiza milimita 0.20, ya kutoa 0.25. Ikiwa moto: 0.25 na 0.30. Usichanganye roka za kamshafti moja na nyingine, kila roka irudi kwenye kamu yake. Kamshafti mpya ipakwe grisi ya kuanzia, na injini ikiwaka tu ishikwe kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika 20 bila kuachwa inguruma taratibu, kwa sababu oili haifiki vizuri kwenye kamu mwendo wa chini. Kama yako ina bomba la kunyunyizia oili juu ya kamshafti, piga kila tundu kwa sindano na uhakikishe limeelekea kwenye kamu. Tundu moja lililoziba linatosha kusaga kamu moja, na sauti yake hufanana na vali iliyolegea, ukaze usikaze haiishi. Oili ya 20W-50 inazifaa injini hizi.

Kuhusu petroli: yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Vali za kutoa za hedi ya zamani zinaweza kuzama kwenye viti vyake polepole. Dalili ni nafasi ya vali inayozidi kubana kila unapoipima. Hedi ikiwa mezani, weka viti vigumu vya vali za kutoa, basi.

Kabureta ya Weber 32/36 ndiyo badiliko lenye faida kubwa kwa kazi ndogo. Inakuja na jeti, vile vitundu vinavyopima petroli, za usawa wa bahari. Hewa ikipungua, kabureta haipunguzi petroli kwa kiwango kilekile, kwa hiyo injini inakunywa zaidi ya inayoweza kuchoma: kama asilimia 10 hapa. Kipenyo cha jeti kinashuka nusu ya hiyo. Jeti kuu ya 140 shusha hadi 135, pima, kisha 130 ikibidi. Plagi nyeusi yenye masizi makavu inasema bado ni nyingi. Rangi ya hudhurungi hafifu ndiyo unayotaka. Nyeupe yenye chembe zinazong'aa, rudi nyuma upesi. Wenye kutoboa jeti kwa drili ndogo wanaharibu mdomo wake, na hutajua tena una namba gani. Jeti ni bei ya chakula cha mchana. Nunua.

Taiming, yaani wakati plagi inapopiga cheche, nayo iko upande wako. Hewa nyepesi huungua polepole, kwa hiyo digrii 2 hadi 4 zaidi ya kitabu huleta uhai. Sikiliza ukipanda mlima gia ya juu: mlio kama sarafu ndani ya mkebe ukitokea, rudisha digrii 2. Pointi za distribyuta ziwe na nafasi ya milimita 0.45 hadi 0.55, au ziachwe kabisa kwa distribyuta ya kielektroniki ya Nissan ya mwisho wa miaka ya 70.

Nyaya sitazichelewesha. Pima volti kwenye betri injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4, kisha kwenye soketi ya taa kubwa, taa zikiwa zimewashwa. Ukipoteza zaidi ya 0.5, umeme unapita kwenye swichi ya miaka arobaini. Weka rilei mbili za ampea 30, waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri, fyuzi ya 15 kila rilei, na waya mpya wa kutua kutoka taa hadi bodi iliyokwanguliwa. Kila kiungo cha seloteipu ulichorithi, kikate.

Rangi ipigwe Januari au Februari. Julai hewa ni baridi na ya mawingu, rangi inachelewa kukauka na vumbi linapata muda. Baada ya kufika kwenye bati tupu, epoksi praima ndiyo ya kwanza, siku hiyohiyo. Redi oksidi ya kopo, inayopendwa kwa bei, inapitisha maji. Gari hukaa uani miezi mitatu chini ya redi oksidi, mvua inanyesha, kisha rangi ya mwisho inapigwa juu ya kutu changa. Mapovu hutokea masika inayofuata na panel bita hulaumiwa. Filla isizidi milimita 3, na ikae juu ya epoksi. Piga msasa P180, P320, kisha P600 kwa maji. Rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina, ina isosayaneti, kemikali yenye sumu, na barakoa ya vumbi haizuii kitu. Ukiwa na majirani ukutani, peleka gari kwenye chumba cha rangi Industrial Area na ujifanyie mwenyewe maandalizi tu. Maandalizi ndiyo yenye gharama.

Jaribio la kwanza lisiwe refu. Kilomita 20 za barabara tupu, rudi, kaza tena manifoldi, angalia oili chini. Baada ya kilomita 500 pima vali upya na ubadilishe oili. Kisha shusha Mai Mahiu alfajiri kabla malori hayajajaa, gia ya tatu, na ukifika chini elekeza kipimajoto cha miale kwenye kila gurudumu. Upande mmoja ukiwa na joto zaidi ya mwenzake kwa nyuzi 30, pistoni ya kalipa inakwama au hosi ya raba imeziba ndani.

Na siku ukienda Mombasa, zile jeti za 140 ziwe ndani ya mkebe mdogo kwenye dashibodi pamoja na bisibisi bapa na gaskiti ya ziada. Kila mita unayoshuka, hewa inaongezeka na petroli yako inabaki ya Nairobi. Mtito Andei, katikati ya safari, simama, acha injini ipoe nusu saa, toa kifuniko cha kabureta, rudisha 140, na punguza taiming digrii 3. Wanaopuuza husikia sarafu kwenye mkebe baada ya Voi, wakadhani ni petroli mbaya.